Sintaksia Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka ya kusimamia semina za sintaksia za mwaka wa kwanza na wa pili. Mengine huulizwa kwa sauti darasani, mengine hunong'onwa mlangoni kipindi kikiisha, na machache huja usiku wa kuamkia mtihani kwa ujumbe wa simu. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali. Mifano karibu yote ni ya Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo wote tuliomo darasani tunaweza kubishana juu yake bila kufungua kamusi.

## Kwanza kabisa

1. Sintaksia ni nini hasa?

Ni tawi la isimu linalochunguza jinsi maneno yanavyoungana kuwa virai, virai kuwa vishazi, na vishazi kuwa sentensi. Fasili hiyo utaikuta kwenye kila desa, yaani madondoo ya masomo yanayozunguka chuoni, na ni sahihi, ila haionyeshi utamu wa somo.

Chukua maneno manne: "walimu na wanafunzi wapya". Nani wapya? Inawezekana ni wanafunzi peke yao, na walimu ni walewale wa mwaka jana. Inawezekana pia wote ni wapya. Hakuna neno lililobadilika na hakuna neno lenye maana mbili. Kilichobadilika ni jinsi maneno yalivyofungwa pamoja: ama [walimu] na [wanafunzi wapya], ama [walimu na wanafunzi] wapya. Mafungu hayo hayaonekani kwenye karatasi wala hayasikiki vizuri sikioni, lakini kila msemaji wa Kiswahili anayo kichwani. Sintaksia ni kazi ya kuyatafuta.

2. Inatofautianaje na sarufi niliyosoma sekondari?

Sekondari ulipewa majina: kiima, kiarifu, shamirisho, chagizo. Ukapewa sentensi, ukapachika majina, ukapata maksi. Chuoni majina hayo bado yanatumika, ila sasa unaulizwa: umejuaje? Ukisema neno fulani ni kielezi, lazima ulete ushahidi, na mwenzako ana haki ya kuleta ushahidi wa kukupinga. Mfano mzuri uko kwenye swali la 9.

Hapa nina kisa kidogo cha maneno. Wanasarufi wa Kiarabu, tangu enzi za Sibawayhi wa Basra katika karne ya 8, waligawa kazi yao sehemu mbili: *sarf*, yaani maumbo ya maneno, na *nahw*, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi. Kiswahili kikayachukua yote mawili. *Sarf* ikawa "sarufi" na kumeza uwanja mzima, na *nahw* ikawa "nahau", ambayo leo ni misemo kama "kupiga chenga" na "kuvunja ungo". Kwa hiyo jina la asili la somo letu tulikuwa nalo, tukaligawia kazi nyingine, kisha tukaenda kuazima "sintaksia" huko Ulaya.

3. Kiswahili ni lugha yangu ya kuzaliwa. Cha kujifunza ni kipi?

Kujua kuendesha baiskeli si kujua kwa nini haianguki. Jaribu hili. Unaweza kusema "kitabu nilichosoma", "kitabu ninachosoma", "kitabu nitakachosoma" na "kitabu nisichosoma". Sasa weka -me-: "kitabu nimechosoma". Umesikia kinavyokwaruza? Unalazimika kuhamia kwenye amba-: "kitabu ambacho nimekisoma".

Nani alikufundisha hivyo? Mama hakukukalisha chini akakuambia kwamba kirejeshi kinaingia katikati ya kitenzi pamoja na -na-, -li-, -taka- na -si-, lakini hakikubali -me-. Hata mtoto wa darasa la pili hakosei hapo. Somo hili linachukua ujuzi huo usiojijua na kuutandaza mezani.

4. Lazima niwe nimesoma HKL (tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza)? Na kama Kiswahili si lugha yangu ya kwanza?

Vigezo vya kujiunga hutofautiana kati ya chuo na chuo, hivyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Kwa upande wa somo lenyewe, nimeona wanafunzi wa tahasusi za sayansi wakifanya vizuri kuliko wa lugha, kwa sababu wamezoea kuweka dhana na kuijaribu. Na ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza ana mtaji wa pekee. Tazama swali la 15.

5. Kuna hesabu?

Hakuna hesabu za kukokotoa. Kuna utaratibu wa kufikiri unaofanana na wa jiometri: ukikubali hili na lile, basi lile la tatu lazima lifuate. Wanaoogopa mabano huzoea wiki ya tatu.

## Virai, vishazi, sentensi

6. Nitajuaje kuwa maneno haya ni kirai kimoja?

Kwa majaribio. Sentensi yetu iwe: "Mwalimu mpya wa hesabu amenunua baiskeli nyekundu."

La kwanza ni kubadilisha. Weka "yeye" mahali pa "mwalimu mpya wa hesabu", sentensi inasimama: "Yeye amenunua baiskeli nyekundu." Neno moja limeziba nafasi ya maneno manne, kwa hiyo hayo manne yanakaa kama kitu kimoja. Hakuna neno utakaloweza kuweka mahali pa "mpya wa" au "hesabu amenunua".

La pili ni kuuliza na kujibu kwa mkato. "Amenunua nini?" "Baiskeli nyekundu." Kinachoweza kusimama peke yake kama jibu kwa kawaida ni kirai.

La tatu ni kusisitiza kwa "ni" au "ndi-": "Ni baiskeli nyekundu aliyoinunua mwalimu mpya." Kinachokubali kuchomolewa na kupelekwa mbele kinachomolewa kizima. Ukijaribu "ni baiskeli aliyoinunua nyekundu", umevunja kirai na sikio litalalamika.

La nne ni kuunganisha kwa "na": vitu vinavyoungana huwa vya aina moja.

Jaribio moja likikataa usikate tamaa, kwani kuna virai halali vinavyogoma jaribio hili au lile. Ila yakikataa yote manne, kubali tu kwamba hicho si kirai.

Kuhusu jina: vitabu vingi vya shule vya Kenya vinaandika "kikundi nomino" na "kikundi tenzi", na vyuoni Tanzania tunasema zaidi "kirai nomino" na "kirai kitenzi". Kifupi ni kilekile, KN na KT. Chagua jina moja ulitumie hadi mwisho wa kazi yako.

7. Kishazi kina tofauti gani na sentensi?

Kishazi kina kitenzi na kiima chake, hata kama kiima hicho ni kiambishi tu. Kikiweza kusimama peke yake ni kishazi huru, kisipoweza ni tegemezi: "mvua iliponyesha" inamwacha msikilizaji akisubiri. Sentensi inaweza kuwa kishazi huru kimoja (sahili), vishazi huru viwili au zaidi (ambatano), au kishazi huru chenye tegemezi ndani yake (changamano). Hapo hakuna ugomvi mkubwa, tuendelee.

8. "Nimekupikia" ni neno moja. Inawezaje kuwa sentensi? KN iko wapi?

Likate: ni-me-ku-pik-i-a. *Ni-* ni mimi mtenda, *-me-* ni hali timilifu, *-ku-* ni wewe, *-pik-* ni mzizi, *-i-* ni kauli ya kutendea, *-a* ni kiishio. Mtenda yumo, tendo limo, mnufaika yumo. Sentensi imekamilika, ingawa chakula chenyewe hakijatajwa.

KN iko wapi? Hapo pana mjadala mkubwa wa isimu ya Kibantu. Wapo wanaosema *ni-* ni kiwakilishi kilichogandia kitenzi, kwa hiyo chenyewe ndicho kiima. Wapo wanaosema ni alama ya upatanisho tu, na kiima halisi kipo lakini hakitamkwi. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo, mwanaisimu wa Malawi, waliandika makala kuhusu Kichewa iliyoonyesha kwamba viambishi vya kiima na vya yambwa (ile shamirisho ya sekondari) si lazima viwe na hadhi moja: cha yambwa ni kiwakilishi, cha kiima kinaweza kuwa kiwakilishi au upatanisho tu. Makala hiyo bado inasomwa duniani kote. Kwa mtihani wa mwaka wa kwanza, chora KN tupu kwenye matawi (swali la 13) na uandike sentensi moja ya kueleza kwa nini umeiacha tupu.

9. "Nyumbani" ni kielezi au nomino?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Shuleni ulifundishwa kuwa ni kielezi cha mahali, kwa sababu kinajibu "wapi?" Lakini kujibu "wapi?" ni suala la maana. Tuangalie tabia. Kielezi kama "haraka" hakimilikiwi: huwezi kusema "haraka yangu" ukiwa na maana ya kielezi. "Nyumbani" kinamilikiwa bila shida: "nyumbani kwangu", "nyumbani pangu", "nyumbani mwangu". Tena kinamilikiwa kwa namna tatu, na kila namna ina maana yake: huko kwa jumla, hapo hasa, humo ndani.

Angalia tena. Kielezi hakiwezi kukitawala kitenzi. "Nyumbani" kinaweza: "Nyumbani kumeingia wageni." Walioingia ni wageni, lakini kitenzi hakikubeba *wa-*, kimebeba *ku-*. Linganisha: "Chumbani mmelala watoto", "Hapa pamejaa maji". Kitenzi kinapatana na mahali, na mtenda amesogezwa nyuma ya kitenzi.

Kwa hiyo "nyumbani" kina ngeli, kinapatanisha vivumishi vya umilikishi, na kinapatanisha kitenzi. Tabia zote tatu ni za nomino. Wakati huohuo, ukisema "Juma amelala nyumbani", kinafanya kazi ya chagizo kama kielezi kingine chochote. Jibu langu: kategoria yake ni nomino, na kazi yake katika sentensi hiyo ni chagizo. Kategoria na kazi ni vitu viwili. Ukishika hilo tu, nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza yamekwisha.

Kuna wahadhiri wasiokubaliana nami hapa. Nenda kawasikilize.

10. Sentensi ina yambwa mbili. Ipi ni yambwa ya kweli?

"Mama alimpikia mtoto ugali." Zigeuze zote mbili ziwe kiima katika kauli ya kutendwa. "Mtoto alipikiwa ugali na mama" inapita. "Ugali ulipikiwa mtoto na mama" haiendi. Jaribu kiambishi cha yambwa: "alimpikia ugali" sawa, "aliupikia mtoto" hapana. Na vyote viwili kwa pamoja ndani ya kitenzi haviingii, maana kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa. Kwa vipimo hivi, mtoto ndiye mwenye hadhi ya yambwa, na ugali umebaki pembeni.

Usidhani Wabantu wote wako hivyo. Mwaka 1990 Bresnan na Lioba Moshi, mwanaisimu Mtanzania, walionyesha kwamba katika Kichaga cha Vunjo yambwa zote mbili zinaweza kuwa kiima na zote mbili zinaweza kuwakilishwa na kiambishi. Kihaya na Kinyarwanda navyo vinaruhusu viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja ndani ya kitenzi kimoja. Tangu hapo vitabu vya nadharia hugawa lugha za Kibantu kuwa zenye yambwa linganifu na zisizo linganifu, na mlima Kilimanjaro umeingia kwenye mihadhara ya watu ambao hawajawahi kuuona hata kwa picha.

11. "Kikombe na sahani": vimevunjika au zimevunjika?

Semina ya saa nane mchana, feni haizunguki, niliandika ubaoni: "Kikombe na sahani ___mevunjika." Nikaomba mikono. Wengi walisema *vi-*. Kundi dogo la nyuma likang'ang'ania *zi-*. Mmoja akasema angesema "vyote viwili vimevunjika". Mwingine akasimama, akasema kwa utulivu: "Mimi, mwalimu, ningesema kikombe kimevunjika, na sahani pia." Darasa likacheka.

Yule wa mwisho ndiye aliyenipa data nzuri kuliko wote. Msemaji anapoikwepa sentensi, ametuonyesha kuwa sarufi yake imefika pabaya. Kisha nikageuza mpangilio: "Sahani na kikombe ___mevunjika." Baadhi ya watu wa *zi-* wakahamia *vi-*. Maana yake nini? Kwamba kwao jina lililo karibu na kitenzi lina sauti zaidi. Wale wa *vi-* hawakutikisika, kana kwamba *vi-* ni makao ya vitu vilivyokosa ngeli ya pamoja.

Sasa linganisha na "mbuzi na kifaru wamekimbia". Hakuna aliyebisha, ingawa ngeli za maumbo yao ni tofauti. Viumbe hai wana njia ya mkato, *wa-*. Kwa hiyo jibu la swali ni kwamba *vimevunjika* ndilo litakalokupa maksi, na mgawanyiko wenyewe ndio utakaokupa mada ya tasnifu.

12. Kwa nini "rafiki zangu wamefika" na si "rafiki wangu wamefika"?

Kwa sababu upatanisho haufanyi kazi kwa mkupuo mmoja. Kimilikishi kinaangalia umbo la nomino (zangu), na kitenzi kinaangalia kwamba hawa ni watu (wamefika). Ongeza kivumishi: "rafiki zangu wazuri wamefika". Ndani ya kirai kimoja mna mifumo miwili ya upatanisho, na kimilikishi, kilichobanana na nomino, ndicho kinachofuata umbo.

## Michoro, nyota na nadharia

13. Lazima nichore matawi?

Ndiyo. Waliosoma Kenya wanakumbuka uchanganuzi wa matawi, jedwali na mistari katika karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2. Chuoni jedwali linaachwa, matawi yanabaki. Ukikosa nafasi tumia mabano, yanasema kitu kilekile: [S [KN mtoto mdogo] [KT amelala [KH kwenye mkeka]]]. S ni sentensi, na KH ni kirai kihusishi.

Kosa la kila mwaka ni kuchora matawi kwanza kisha kutafuta sababu. Anza na majaribio ya swali la 6. Mchoro ni muhtasari wa hoja zako, na mchoro usio na hoja ni ua tu.

14. Nyota mbele ya sentensi ina maana gani? Na kwa nini kila mhadhiri ana nadharia yake?

Nyota (*) inaashiria kuwa wasemaji wanaikataa sentensi hiyo kimuundo. Haina maana kwamba sentensi ni ya uongo au ya kipuuzi. "Jiwe linameza kiu ya Jumatatu" ni upuuzi mtupu, lakini muundo wake umenyooka na haistahili nyota. "Nimechosoma kitabu" inaeleweka vizuri kabisa, na inastahili nyota. Alama ya kuuliza mbele ya sentensi ina maana kwamba wasemaji wanasitasita.

Kuhusu nadharia: kitabu chembamba cha Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, cha mwaka 1957 kiliweka wazo kwamba sarufi ni mfumo wa kanuni chache unaozalisha sentensi zisizo na kikomo. Chuoni tunauita sarufi geuzi zalishi. Chomsky mwenyewe ameurekebisha mara kadhaa, hadi Uminimalisti wa miaka ya 1990. Wengine walitoka njia hiyo: Bresnan na Ronald Kaplan wakajenga LFG (Lexical-Functional Grammar), ambayo haihamishi kitu chochote, bali inaweka muundo wa virai kando na muundo wa kazi kama kiima na yambwa. Mimi huona LFG inakikaa Kiswahili vizuri, kwa kuwa kazi kubwa ya sentensi zetu inafanyika ndani ya kitenzi. Lakini mtihani unajibiwa kwa nadharia iliyofundishwa, hivyo usiniingize kwenye karatasi yako.

## Data na utafiti

15. Nataka kuandika tasnifu kuhusu lugha ya nyumbani ambayo haina vitabu. Inafaa?

Inafaa kuliko unavyodhani. Kiswahili kimechunguzwa sana, na lugha yenu huenda haina hata maelezo ya kishazi rejeshi. Chagua jambo dogo: viambishi vya yambwa, au mahali kama kiima (swali la 9), au yambwa mbili (swali la 10). Uliza sentensi zilezile katika lugha yako na uone zinapoachana na Kiswahili. Pengo hilo ndilo sura yako ya nne.

Kidokezo cha maktaba: tafuta lugha kwa namba yake katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Guthrie pia. Kiswahili ni G42, Kihaya ni E22, Kikuyu ni E51. Jina la lugha moja linaweza kuandikwa kwa namna tano, namba inakuokoa.

Andika kila mfano kwa mistari mitatu: sentensi iliyokatwa viambishi, maana ya kila kiambishi chini yake, na tafsiri huru. Kanuni za Leipzig za uandishi huo zinapatikana bure mtandaoni na hazizidi kurasa chache. FLEx, programu ya kuhifadhi na kuchanganua data za lugha, nayo ni ya bure, na itakuokoa ukishapita sentensi mia mbili.

16. Lazima data iwe ya Kiswahili sanifu?

Hapana, ila useme ni Kiswahili cha nani. Usanifu ulioanzia kwenye lahaja ya Kiunguja, na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani. Sintaksia inahusu vichwa vya wasemaji. Kijana wa Nairobi anayesema "kitabu yangu imepotea" hajakosea ovyo: anafuata mfumo wake, na mfumo huo una mipaka yake. Hatasema "mtoto yangu zimepotea". Kiswahili cha Lubumbashi nacho kina upatanisho wake. Kazi yako ni kueleza mfumo, kusahihisha waachie wahariri.

Tahadhari moja: barua ya maombi ya kazi iandike kwa Kiswahili sanifu.

17. Msemaji wangu kila sentensi anajibu "ndiyo, sawa". Nifanyeje?

Ni adabu hiyo, na imeniumbua mimi pia. Nilimwendea bibi yangu na orodha ya sentensi arobaini. "Bibi, hii inasemeka?" "Inasemeka, mjukuu wangu." Ya pili, inasemeka. Ya thelathini, inasemeka. Nikafunga daftari nikiwa nimeshiba ndiyo. Jioni, akiwa jikoni, nilimsikia akimwita mtu kwa muundo uleule niliomuuliza, lakini kwa mpangilio tofauti kabisa na ule aliouidhinisha mchana.

Tangu hapo siulizi kama sentensi ni sahihi. Naleta hali: "Umerudi sokoni ukakuta mgeni kakaa uani, utamwambiaje jirani?" Naleta sentensi mbili na kuuliza ipi angeitumia. Nachanganya sentensi ambazo najua ni mbovu ili kupima kama ananiridhisha. Na naandika alichosema kabla hajajirekebisha. Kwa kuhakiki Kiswahili cha maandishi, tumia hazina ya matini ya Helsinki, iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen. Ina maneno takribani milioni 25. Ila kumbuka, sentensi isiyopatikana kwenye hazina si lazima iwe mbovu.

18. Nahitaji kibali?

Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, anza na barua ya utambulisho ya chuo chako. Utafiti mkubwa zaidi unapitia tume za sayansi na teknolojia: COSTECH Tanzania na NACOSTI Kenya. Na kila msemaji aelezwe kwamba unamrekodi, hata akiwa shangazi yako.

## Mitihani

19. Nimesoma madesa yote na bado nimepata sapu (mtihani wa marudio). Kwa nini?

Kwa sababu madesa yana majibu ya sentensi za mwaka juzi. Mtunzi wa mtihani naye anayo. Ataleta sentensi ambayo hujaiona, pengine ya lugha ambayo hujaisikia, na atataka uichanganue kwa data iliyopo kwenye karatasi tu. Jifunze kwa kutunga: kila siku okota sentensi moja kutoka redioni au kwenye daladala, ikate, ifanyie majaribio, mtafute rafiki wa kukupinga. Wanaosoma sintaksia wawili wawili hawadisko, yaani hawaondolewi chuoni kwa kufeli.

20. Naweza kutumia programu za akili unde kuchora matawi?

Fuata sheria ya chuo chako. Kiufundi, nimeletewa mchoro maridadi ambao "nyumbani kwangu" ilikuwa imekatwa katikati, nusu iko tawi hili na nusu lile. Aliyeuleta hakuona kosa, kwa sababu hakuwa amefanya jaribio hata moja. Kama huwezi kuukosoa mchoro, si wako.

## Baada ya chuo

21. Kuna kazi?

Sijawahi kuona tangazo la "anatakiwa mwanasintaksia". Wahitimu ninaowajua wanafundisha, wanahariri, wanatafsiri, wanatunga kamusi, na siku hizi wanaandaa data za Kiswahili kwa ajili ya programu za simu, ambako mtu anayejua kukata "nimekupikia" vipande sita ana thamani. Atakayekuambia shahada hii peke yake inatosha, muulize yeye anafanya kazi gani.

22. Nje ya Afrika Mashariki nisome wapi?

Vyuo vyenye mizizi mirefu katika lugha za Kibantu ni pamoja na SOAS mjini London, Leiden Uholanzi, na Bayreuth Ujerumani. Usichague chuo kwa jina, chagua msimamizi: soma makala zake tatu, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye data yako ndani. Waombaji wanaosema wanapenda lugha ni wengi mno.

## Maswali ya pembeni

23. Lugha ya alama ina sintaksia?

Ina, na si kivuli cha Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Lugha ya alama ya Tanzania na ya Kenya ni lugha mbili, kila moja na sarufi yake. Upatanisho unaweza kubebwa na mwelekeo wa mkono hewani, na swali likabebwa na nyusi. Ukitaka kuichunguza, jifunze kwanza, na fanya kazi na Viziwi wenyewe.

24. Washairi mbona wanavunja kanuni zote hizi?

Wanaruhusiwa, hata jina tumewapa: kuboronga sarufi. Lakini chunguza wanachovunja. Mshairi atasema "cha baba kitabu" ili apate kina chake, na utamwelewa. Atasema "changu kisa", "mwema mtoto". Hatasema "cha kitabu baba" akitaka maana ileile. Anahamisha kirai kizima kama mtu anayehamisha kabati bila kutoa vyombo: "cha baba" kinakwenda pamoja au hakiendi. Kwa hiyo ukikosa jaribio la tano la kuongeza kwenye yale manne ya swali la 6, chukua beti kumi za shairi lolote la arudhi, uangalie mshairi amethubutu kukata wapi na wapi hakuthubutu.